Re: Vuli ya kwanza usharikani: baridi, giza na msiba wa mbali

Kutoka: Mdogo wenu, Zwickau
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mgeni kwenye orodha hii ya barua pepe. Nimekuja Ujerumani mwezi Septemba kwa mafunzo ya huduma ya kanisa, nimepangiwa usharika mmoja hapa Zwickau. Kazi zangu ni watoto wa kipaimara, kutembelea wazee na kusaidia siku za ibada. Kijerumani ninacho cha kuombea maji. Wakizungumza pole pole naelewa.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la baridi na giza. Kila mtu ananiambia bado haijaanza, nami tayari nalala na soksi. Nijipangeje, ninunue nini, na niache nini?

La pili ni zito. Wiki iliyopita baba mdogo, ndiye aliyenilea, amefariki huko Machame. Wamezika Alhamisi. Nilifuata mazishi kwenye simu, mtandao ukakatika wakati wanashusha jeneza. Rambirambi nimetuma. Lakini hapa sijui nimwambie nani. Jumamosi nimeongoza michezo ya watoto kama kawaida, wakacheka, nami nikacheka nao, halafu nikarudi chumbani. Yupo aliyepitia haya?

---

Kutoka: Dada yenu, Leipzig
Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Mdogo wangu, pole sana. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Pole na kwa kukaa na msiba peke yako chumbani, maana sisi hatukulelewa hivyo. Kwetu mtu akifiwa, kabla hajamaliza kulia ua umeshajaa watu na sufuria ziko jikoni.

Naanza na swali la pili, kwa sababu la kwanza linajibika dukani.

Kesho asubuhi nenda kwa mchungaji wako umwambie. Usingoje aone usoni. Watu wa huku hawaingii nyumbani kwa mtu bila kualikwa, hata kwenye msiba. Wanaona ni kukuvunjia heshima. Ukinyamaza, watakuacha na ukimya wako wakidhani ndivyo unavyotaka. Na ukimwambia, mweleze wazi kwamba huyu ndiye aliyekulea. Ndugu wa baba kwao ni mtu wa kuonana naye Krismasi, kwa hiyo bila maelezo utapewa pole ya mlangoni, wala si kwa ubaya.

Halafu mwombe jambo moja: jina la baba mdogo lisomwe tarehe 23 Novemba. Hiyo ndiyo Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa, kabla ya Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi; Wajerumani wanaiita Ewigkeitssonntag, wengine Totensonntag. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia aliiweka mwaka 1816 iwe siku ya kuwakumbuka waliofariki, na makanisa ya Kiprotestanti ya hapa yameishika hadi leo. Majina ya waliozikwa usharikani mwaka huo yanasomwa moja moja, na kwa kila jina inawashwa mshumaa. Familia zinapata barua ya kualikwa. Utawaona watu usiowaona mwaka mzima, wamevaa nyeusi, wamekaa viti vya nyuma.

Mwaka jana bibi yangu alifariki Meru mwezi Agosti, nami sikuweza kwenda. Niliomba jina lake liingizwe. Mchungaji hakusita hata kidogo, ila alisema niwahi ofisini, kwa sababu orodha hufungwa mapema na mishumaa huhesabiwa. Kabla ya ibada aliniita sakristia, akanitaka nilitamke jina lile pole pole, akaweka alama ya penseli juu ya kila silabi. Akarudia mpaka likakaa mdomoni. Siku yenyewe lilisomwa kati ya fundi seremala wa mtaa wetu na mama mmoja wa miaka 90 na kitu, nami nikaenda mbele kuwasha. Baada ya ibada wajane wawili wakanifuata kuniuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Nilisimulia kwa Kijerumani changu cha kukwama, wakasikiliza hadi mwisho. Hiyo ndiyo siku nilipoanza kuwa mtu wa usharika ule. Mpaka hapo nilikuwa mgeni wa kupewa keki.

Ndiyo maana nasema usikimbilie chumbani miezi hii. Utasikia kwamba makanisa ya huku ni matupu, na Jumapili ya kawaida ni kweli utahesabu vichwa vyeupe vichache. Lakini kuanzia Oktoba hadi Majilio kanisa hili linafanya kazi linayoijua kwa undani, yaani kukumbuka na kuomboleza. Aliyefiwa ana nafasi humo, awe ametoka Zwickau au Machame.

Tumeshapita sikukuu ya mavuno, Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Bila shaka ulishangaa kuona maboga, tufaha na mkate mkubwa madhabahuni, halafu hakuna mnada! Mimi nilingoja mtu apandishe bei ya jogoo. Hapa vyakula hupelekwa kwa chama cha kugawia wasiojiweza, mara nyingi ni Tafel. Ukipata nafasi nenda na gari linalopeleka. Utajua mji wako una njaa gani.

Tarehe 31 ni siku ya Matengenezo ya Kanisa, na hapa Saxony ni sikukuu ya serikali. Mwaka huu inaangukia Ijumaa, maduka yanafungwa, nunua chakula Alhamisi. Ukiweza, njoo Leipzig tuunganishe kwenda Wittenberg, treni ya S-Bahn inafika. Kuona mahali pa ule mlango wa hoja za Luther wa mwaka 1517, ambao tumesimuliwa tangu darasa la kipaimara, ni jambo la mara moja maishani kwa Mlutheri wa Kilimanjaro.

Tarehe 9 Novemba usipange michezo na watoto. Usiku huo mwaka 1938 Wanazi walichoma masinagogi nchi nzima. Hapa Leipzig, mahali lilipokuwa sinagogi kubwa, vimewekwa viti 140 vya shaba, vitupu, vimepangwa kama vya ibada. Katika miji mingi watu hupiga magoti barabarani siku hiyo wakisugua vile vibao vidogo vya shaba vyenye majina ya Wayahudi waliokuwa wakiishi nyumba hizo. Uliza kama vijana wako wa kipaimara wanashiriki, uende nao ukiwa na sponji na dawa ya kung'arishia. Kijana wa miaka 13 akishasugua jina la mtoto wa rika lake, huna haja ya kumhubiria.

Siku mbili baadaye ni Mtakatifu Martin, furaha tupu: watoto na taa zao za karatasi, nyimbo, na yule askari wa farasi anayekata joho lake kumpa maskini nusu. Luther alibatizwa siku hiyo mwaka 1483, ndipo akapata jina la Martin. Kazi yako itakuwa kuwavusha watoto barabara, na utaulizwa utengeneze taa. Kubali.

Kuhusu baridi. Nunua viatu visivyoingiza maji kabla ya kitu kingine chochote. Koti la kuzuia upepo lifuate. Vingine vyote tafuta mitumba, maduka ya Diakonie na Caritas, mashirika ya huduma ya makanisa, yana masweta mazuri ya sufi kwa bei ya soda. Vaa nguo nyepesi nyingi juu ya nyingine, maana utakuwa unatoka kanisa la mawe ambalo halipati moto na kuingia sebule ya bibi mwenye hita hadi mwisho, na huko lazima ukae umalize kahawa. Usikatae kahawa ya pili. Maneno ya maana hutoka kwenye kikombe cha pili.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba saa zinarudishwa nyuma, saa tisa usiku inakuwa saa nane. Tanzania itakuwa mbele yetu kwa saa mbili badala ya moja, waambie nyumbani wasikupigie ukiwa kwenye ibada. Katikati ya Novemba jua litakuwa linazama saa kumi na dakika ishirini hivi jioni. Kwa hiyo tembelea wazee asubuhi, na mchana toka nje hata kama ni mawingu, hata nusu saa. Maandalizi ya mahubiri yafanye gizani, giza lipo la kutosha.

Dada yako.

---

Kutoka: Mama wa Dresden
Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Mwanangu wa Zwickau, pole sana kwa kufiwa. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee, niko nchi hii muda mrefu, naongeza machache ya mwilini.

Fungua dirisha wazi kabisa asubuhi na jioni, dakika tano hadi kumi, kisha funga. Usiliache limeinamishwa kidogo siku nzima na hita ikiwaka. Joto linatoka, ukuta unapoa, ukungu unaota. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alikata dhamana yangu kwa ajili ya ukungu wa nyuma ya kabati. Usianike nguo chumbani bila kufungua dirisha.

Ukiugua usiku au Jumapili, na si dharura ya kufa na kupona, piga 116117, hao ni madaktari wa zamu. Dharura ni 112. Na ikifika usiku moyo umelemewa na huna wa kumwamsha, kuna simu ya faraja ya makanisa, TelefonSeelsorge, 0800 1110111, bure, saa 24. Piga bila aibu. Nimewapa namba hiyo vijana wengi wa kwetu, na wazee wangu wa kazini pia.

Tena, tarehe 19 Novemba ni siku ya toba na maombi. Siku hizi ni sikukuu ya serikali hapa Saxony tu. Mikoa mingine iliiacha kuanzia 1995 ili kugharimia bima mpya ya matunzo ya wazee, Saxony ikakataa, na ndiyo sababu wafanyakazi wa hapa tunakatwa zaidi kidogo kwa bima hiyo. Siku tumeinunua, mwanangu, nenda ibadani.

Kodi ya kanisa isikutishe. Hapa ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, na kama posho yako haifikii kukatwa kodi ya mapato, hakuna cha kukatwa. Waumini wako hawatoi bahasha ya ahadi kama kwetu kwa sababu hiyo kodi imeshatoka kwenye mishahara yao. Usiwahukumu kwa sarafu za kwenye kikapu.

---

Kutoka: Mdogo wenu, Zwickau
Jumatano, 15 Oktoba 2025

Shikamoo mama, shikamoo dada. Asanteni sana.

Nimemwambia mchungaji jana. Alifunga mlango wa ofisi, akazima simu, tukakaa. Jina la baba mdogo limeandikwa. Jioni mke wake akaleta supu ya maboga, akauliza kama anaweza kuingia. Nikamkaribisha.

Nina swali lingine. Hapa wapo wapiga tarumbeta wa kanisa, na baba mdogo alikuwa mpiga tarumbeta usharikani kwetu. Mimi nilijifunza kidogo kwake. Naweza kuomba kujiunga, au ni lazima uwe umesoma muziki? Na je, Novemba hiyo unakwendaje makaburini kama huna kaburi hapa?

---

Kutoka: Dada yenu, Leipzig
Jumatano, 15 Oktoba 2025

Marahaba mdogo wangu. Hiyo supu imenifurahisha kuliko barua yote.

Jiunge wiki hii hii. Posaunenchor, ndilo kundi hilo la tarumbeta, ni ya waumini wa kawaida, mafundi, walimu, watoto wa shule. Wanakuazima chombo na wanafurahi kupata mtu. Tarumbeta zetu za Kilimanjaro na Meru zina asili hiyo hiyo. Utakuta nyimbo nyingi unazijua tayari, maneno tu ndiyo mageni. Na jibu la makaburi liko humo: mchana wa tarehe 23 wapiga tarumbeta wa sharika nyingi huenda kupiga makaburini, watu wamesimama kwenye makaburi yaliyofunikwa matawi ya misonobari. Utakuwa na kazi ya kufanya pale, na kaburi lolote litatosha kusimama.

Ujue tu kwamba kaburi hapa hukodishwa, mara nyingi kwa miaka 20, kisha familia ilipie tena au liondolewe. Kwetu bibi yupo pembeni ya migomba, na hakuna atakayemhamisha. Wazee wa usharika wangu wakinisikia nasema hivyo wananyamaza. Mama mmoja alinishika mkono akasema angependa na yeye.

Kuna jambo langu la mwezi huu, naliweka hapa kwa sababu wengi wetu tumetoka huko. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, karibu kabisa na ninapotoka. Nyumbani na hapa wanakumbukwa kwa majina. Baada yao likaja jeshi la Wajerumani kulipiza kisasi, likaua watu wengi, likachoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Hao hawana orodha. Mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Moshi, pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru, na familia yake imetafuta miaka mingi fuvu lake, linaloaminika lilipelekwa Ujerumani. Nimemwomba mchungaji kwamba tarehe 23, baada ya majina yote, tuwashe mshumaa mmoja kwa wale wa Meru ambao hakuna aliyeandika majina yao. Baraza la wazee wa kanisa limekaa, mmoja akauliza kwa nini lawama hizo ziletwe siku ya wafiwa. Nilimjibu kwamba na sisi ni wafiwa. Wamekubali, na wamenipa niandike maneno mwenyewe. Nayaandika kwa lugha zote mbili. Mwenye mzee aliyesimuliwa mambo ya Akeri na wazazi wake, aniandikie kabla ya mwisho wa Oktoba; nataka yawe ya watu, yasiwe ya vitabu peke yake.

Kwa safari ya tarehe 31: S-Bahn kutoka Zwickau hadi Leipzig ni ya moja kwa moja. Kama una Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za kawaida na mabasi nchi nzima, euro 58 kwa mwezi mwaka 2025 na 63 kuanzia Januari 2026, hulipi kitu kingine hadi Wittenberg, ila usipande ICE wala IC, zile treni za masafa marefu. Kumbuka ni ya kujiendeleza yenyewe, kuivunja ni kabla ya tarehe 10 ya mwezi. Au fika Jumatatu yoyote, saa kumi na moja jioni kuna maombi ya amani Nikolaikirche, yale yale ambayo mwaka 1989, tarehe 9 Oktoba, watu walitoka nayo wakakutana barabarani wapata 70,000 na askari hawakufyatua risasi. Nakaa upande wa kushoto, karibu na nguzo. Nitumie saa ya treni yako, nikupokee stesheni, na lete sahani moja ya ziada ukiwa nayo, maana Mama wa Dresden ameahidi pilau.