Madeira: Sercial, Verdelho, Boal au Malmsey?

Kijana wa Kijitonyama
Wakuu, shemeji anarudi kutoka Lisbon mwisho wa mwezi, ananiuliza aniletee Madeira ipi, ule mvinyo wa kisiwa cha Ureno. Bajeti ni chupa mbili tu: moja yangu, moja ya baba mkwe. Mzee anapenda vitu vitamu, mimi sivipendi. Halafu kuna haja gani ya kulipia ya miaka 10 wakati ya miaka 3 ipo?

Pipa Kuukuu
Mkuu, hayo manne ni majina ya zabibu, na kila moja kwa desturi ina kiwango chake cha utamu. Sercial ndiyo kavu kuliko zote, kisha Verdelho, halafu Boal, na Malmsey ndiyo tamu kabisa. Hakuna anayetia sukari. Mvinyo ukiwa bado unachachuka humiminiwa spiriti ya zabibu ya asilimia 96, chachu inakufa, na sukari ambayo haijaliwa inasalia. Wakiwahi kumimina wanapata Malmsey, wakichelewa wanapata Sercial. Kilevi huishia kati ya asilimia 17 na 22, kwa hiyo glasi iwe ndogo.

Kuhusu miaka, hapo ndipo penye mambo. Madeira hupashwa joto makusudi. Zamani mapipa yalipakiwa merikebuni yakavuka ikweta kwenda India, na yale yaliyorudi yakaonekana matamu mdomoni kuliko yaliyobaki nyumbani. Siku hizi ule wa bei ya chini hutiwa kwenye matangi na kupashwa hadi nyuzi 45 au 50 kwa miezi isiyopungua mitatu. Ule wa heshima hukaa ndani ya mapipa kwenye dari za maghala yenye joto, miaka na miaka, bila kuharakishwa. Njia hiyo wanaiita canteiro. Ya miaka 3 kwa kawaida ni ya tangi. Kwa miaka 10 unalipia pipa.

Mama Viungo
Ya miaka 3 msiitupe jamani. Mimina kidogo kwenye ini la kukaanga au mchuzi wa uyoga, chakula kinabadilika. Nyingi ni za zabibu nyeusi ya Tinta Negra, ndiyo inayolimwa zaidi kisiwani. Ya miaka 10 kuitia sufuriani ni kufuru.

Bahari ya Hindi
Mimi napingana na wanaomkimbiza kila mzee kwenye Malmsey. Mpe Boal. Inanukia zabibu kavu, karameli na ganda la chungwa, lakini mwishoni kuna uchachu unaosafisha ulimi. Malmsey ni nzito zaidi, ya kunywa na keki nyeusi au chokoleti.

Huo uchachu ndio roho ya Madeira. Kisiwa ni mlima wa volkeno uliochomoza Atlantiki: mawe ya basalti, udongo wenye tindikali, mizabibu kwenye matuta madogo yaliyozuiwa kwa kuta za mawe, maji yakiletwa na mifereji ya levada. Ndiyo maana hata iliyo tamu kabisa haikinaishi.

Mtoto wa Dodoma
Joto tunalo, zabibu tunazo. Tunasubiri nini?

Pipa Kuukuu
Uchachu, ndugu yangu. Mvinyo usio na uchachu ukiupika hivyo unapata sharubati iliyochoka.

Kijana wa Kijitonyama
Nimewaelewa. Sasa mimi nichukue Sercial?

Bahari ya Hindi
Kwa mtu wa kwanza kuonja, Sercial inaweza kukushtua: limau, lozi, chumvichumvi, kali kweli. Hiyo ni ya kunywa baridi na korosho kabla ya chakula. Anza na Verdelho, ina moshi kidogo na asali kwa mbali. Na shemeji akiona neno Frasqueira apite tu: hiyo ni ya mavuno ya mwaka mmoja, imekaa pipani angalau miaka 20, na bei yake si ya kwetu.

Kijana wa Kijitonyama
Verdelho na Boal, zote za miaka 10. Nikifungua inakaa?

Pipa Kuukuu
Miezi. Joto na hewa vimeshaifanya vilivyotaka, haina cha kuharibika haraka. Isimamishe wima, ukiilaza itakula kizibo. Na shemeji azifungashe kwenye begi kubwa. Za mkononi zitaishia mezani kwa wakaguzi.