Jiji likarabati ukumbi kwa kodi zetu, au liwaache Blazers waondoke Portland?

MamaFuraha
Habari za jioni wadau. Naomba tujadili hili bila matusi, maana kwangu si habari ya michezo tu, ni mkate wa watoto. Nauza vyakula ndani ya Moda Center, ukumbi wa Blazers hapa Portland, Marekani, huu msimu wa saba. Mnajua Paul Allen, mwenye Blazers, timu yetu ya kikapu, alifariki 2018, mirathi ikabaki mikononi mwa dada yake Jody, na 2025 wakakubaliana kuiuza Blazers kwa kundi la Tom Dundon, tajiri wa Dallas, kwa zaidi ya dola bilioni 4. Ukumbi ulifunguliwa 1995, mkataba wa timu kukaa pale unaishia 2030, na kamishna wa ligi ya NBA Adam Silver ameshatamka kwamba Portland inahitaji ukumbi mpya. Hiyo ni notisi, hata kama imetolewa kwa upole. Sasa linaombwa fungu la umma la ukarabati. Tutoe au tusitoe?

Mimi nasema tutoe. Kuna mzee anakuja kila mechi na fulana nyekundu ya ubingwa wa 1977, imepauka mpaka imekuwa ya waridi. Ananunua soda moja, anaomba vikombe viwili, kimoja cha mjukuu. Timu ikiondoka, huyu mzee na mjukuu wake watakwenda wapi Jumanne usiku?

Mkalemie
Pole mama, lakini hapana. Nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na moja, foleni ya mgao naijua. Mwenye mali ya bilioni nne hasimami kwenye foleni ya mgao. Shule hapa zinapunguza walimu, pango langu limepanda mara tatu tangu nihamie, halafu atoke mtu Texas aniambie nichangie viti vya wageni wake wa heshima? Wachumi waliochunguza viwanja vya Marekani kwa miaka mingi karibu wote wanasema pesa ya umma hairudi. Mtu asipokwenda kwenye kikapu atakula hotelini au atakwenda sinema, dola ni ileile. Na hizo kazi za ukumbini ni za saa tano tano, mechi 41 kwa msimu. Si kazi za kumjengea mtu maisha.

MamaFuraha
Kazi yangu si kazi? Rudia tena, Mkalemie. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyolipa ada ya mume wangu alipojifunza kuendesha lori. Kazi hiyohiyo ilinunua makoti ya watoto wanne baridi yetu ya kwanza. Ukiweka na matamasha ni zaidi ya hizo 41 zako. Nasimama mguu mmoja umevimba, nacheka na wateja, narudi na treni ya MAX ya mwisho. Wewe hukuniambia pole siku hizo, usiniambie leo.

Mkalemie
Sikukutukana mama. Nimesema mshahara ni mdogo, sikusema wewe ni mdogo.

MamaFuraha
Ulisema si kazi. Iko hapo juu, watu wameisoma.

Jirani_Kent
Wacheni niwaambie, sisi wa huku Seattle tulishaonja hii dawa. Mimi nilifika 1996, mwaka ule Sonics, timu yetu ya NBA, walicheza fainali na Chicago. Timu ilikuwa hapa tangu 1967, kombe 1979. Mwenye timu, yule Schultz wa Starbucks, akataka ukumbi wao wa KeyArena utengenezwe kwa pesa ya umma, akanyimwa, akawauzia watu wa Oklahoma 2008, na hivyo ndivyo mambo yaliisha.

Upanga_Kikapu
Aliuza 2006 mkuu, dola milioni 350, kwa Clay Bennett na wenzake. 2008 ndio walihama.

Jirani_Kent
Sawa, 2006. Mwaka huohuo ikaja kura, asilimia zaidi ya 70 tukasema jiji lisiweke pesa kwenye timu kama hailipi faida. Nami nilipiga kura hiyo. Nilikuwa naishi Rainier Valley, nilijiona mjanja, nimemkomoa tajiri. Jiji likaenda mahakamani kuwashikilia wamalize mkataba mpaka 2010, katikati ya 2008 likachukua dola milioni 45 na kuwafungulia mlango. Wakaondoka na Kevin Durant akiwa amecheza msimu mmoja tu. Tukabaki na jina na rangi, kijani na manjano, kama mtu aliyeachiwa shati la marehemu. 2025 wao kule Oklahoma City wakachukua ubingwa. Nilizima televisheni kabla ya kombe kuinuliwa.

Mkalemie
Na mji ulikufa? Ulipoteza nini hasa?

Jirani_Kent
Baba yangu alikuja kutoka Kisumu akakaa nami miezi sita. Kiingereza chake kilikuwa cha shida, mtaani hakuna aliyemsalimia. Nikampeleka kwenye mechi mbili, viti vya juu kabisa. Mzungu mmoja mzee akamshika mkono, wakapiga kelele pamoja robo nzima ya mwisho bila kuelewana hata neno. Sasa weka bei hapo.

NuruSea
Samahani, "tukabaki na jina na rangi"? Storm, timu yetu ya kikapu ya wanawake, wako wapi kwenye hesabu yako? Kina mama wa Seattle wameinunua timu ile 2008 ili isisombwe kwenda Oklahoma, na tangu Sonics waondoke imechukua ubingwa 2010, 2018 na 2020. Mnakaa mnalia mji hauna kikapu, wakati wanawake wanacheza usiku wa leo. Hata ninyi Portland mnapata Fire ya wanawake humohumo Moda Center, sioni hata mmoja anaitaja.

Jirani_Kent
Dada, umesema kweli, sikuihesabu. Lakini nilikuwa nazungumzia Sonics.

NuruSea
Ndiyo shida yenyewe. Mnazungumzia Sonics miaka yote. Na 2013 matajiri wa huku walipotaka kuwahamisha Kings wa Sacramento, mlishangilia. Machozi ya 2008 yalikuwa yameshakauka.

Jirani_Kent
Sikushangilia. Usinisemee.

Upanga_Kikapu
Sacramento ndio mfano anaoutaka Mama. Jiji lilikubali kuchangia ukumbi, wenye timu wa ligi wakapiga kura 22 kwa 8 kukataa Kings kuhamishwa, ukumbi ukafunguliwa 2016. Wametoa, wamebaki. Lakini kwa kweli Portland siwaonei huruma sana. Kwenye kuchagua wachezaji wapya wa ligi, 1984 walimwacha Jordan wakamchukua Bowie, 2007 wakamwacha Durant wakamchukua Oden. Hata Hasheem Thabeet wetu wa Tanzania walimpata 2012 wakamweka benchi miezi michache, basi.

Mkalemie
Thabeet alikaa benchi kila alikokwenda, msiwasingizie Portland. Memphis walimchukua namba mbili 2009. Namba mbili! Harden akaenda wa tatu, Curry wa saba.

Upanga_Kikapu
Nilijua utafika hapo. Kijana alianza kushika mpira akiwa na miaka 15 hivi, miaka saba baadaye ni Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Mita 2.21, na pale Connecticut alizuia mitupo mpaka makocha walibadili mipango. Nani kwenye familia yako amefika hapo? Tukiwa Don Bosco pale Upanga, watoto walikuwa wanaruka kugusa alama ukutani wakisema hii ndiyo bega la Thabeet. Alama ile ilifanya kazi kuliko makocha wote.

Jirani_Kent
Thabeet *wenu*? Alisoma Laiser Hill, Ongata Rongai. Kikapu kilimwivia Kenya.

Upanga_Kikapu
Ametoka Makongo, Dar es Salaam. Mkimfundisha mtoto wa jirani mihula miwili hamgeuki wazazi.

Jirani_Kent
Mlikuwa mmemwona kwanza? Sisi tulimwona.

Binti_Mbarali
Mnagombania Thabeet na hamjaona ajabu yake. Memphis iliyomchukua ni timu iliyohamishwa kutoka Vancouver 2001. Oklahoma City alikocheza misimu miwili ni ile ya Seattle. Kijana wetu alilipwa mshahara na timu mbili za watu wanaolia, na katikati akapita Portland. Mimi nimetoka Mbarali. Tulikuwa na Ihefu yetu ya soka Ligi Kuu. Novemba 2022 pale Highland Estates tukaifunga Yanga 2-1, ile rekodi yao ya mechi 49 bila kufungwa ikaishia mashambani kwetu kwenye mpunga. 2024 timu ikapelekwa Singida ikapewa jina jingine. Hakuna aliyetuuliza, wala hakukuwa na mkataba wa ukumbi wa kuupigania mahakamani. Mama Furaha, ninyi mna mpaka 2030 na mna jiji linalomiliki ukumbi. Msilaze damu.

Upanga_Kikapu
Dada, ile mechi mwamuzi aliwabeba.

Binti_Mbarali
Nilikuwa uwanjani. Wewe ulikuwa wapi?

Upanga_Kikapu
Nilikuwa naangalia kwenye televisheni, nikaona vizuri kuliko wewe.

Binti_Mbarali
Miaka inapita, Yanga bado mnatafuta mwamuzi. Tulifunga mabao mawili, na mwaka uliofuata tukawafunga tena palepale, 2-1 vilevile. Na huyo naye alibeba?

NuruSea
Mada ilikuwa Portland.

Mkalemie
Narudi kwenye mada, nami nabadilisha swali kidogo. Tusiulize tutoe au tusitoe. Tuulize tukitoa tunapata nini kwa maandishi. Ukumbi ule Allen aliujenga miaka ya tisini kwa sehemu kubwa ya pesa yake, kwa hiyo haiwezekani kwamba mwenye timu hawezi kabisa. Kama jiji linatoa, mkataba uwe wa miaka ishirini na zaidi, na usivunjike kwa milioni 45 kama wa Seattle. Na wafanyakazi wa ndani, akina Mama Furaha, waandikwe humo: saa za kazi, bima, siku za ugonjwa. Bila hayo napinga mpaka kesho.

MamaFuraha
Nimetoka zamu sasa hivi, nasoma kwenye treni. Nimekuta Thabeet, nimekuta Yanga. Mkalemie, hilo la bima na siku za ugonjwa ulilotaja sasa ungelitaja mwanzo tusingegombana. Baraza la jiji linapokea maoni ya wananchi na mimi nataka kusema yangu, ya mzee wa soda pia. Kiingereza changu cha kuuzia bisi kinatosha, cha kusimama mbele ya kipaza sauti hakitoshi. Nani atanisaidia kuandika?

Mkalemie
Niandikie kwa Kiswahili, nitakutafsiria usiku huu. Sitapunguza neno hata kama silikubali. Lakini mimi nitakwenda kusema yangu, na yangu ni hapana mpaka nione mkataba.

MamaFuraha
Nenda. Ukisema tena si kazi nitakusahihisha hapohapo mbele ya diwani.

Jirani_Kent
Mama, waambie kuhusu 2006. Waambie kuna mtu Kent alipiga kura ile.

Upanga_Kikapu
Na huko Laiser Hill alikaa muda gani hasa? Jibu hilo, Jirani. Umelikimbia.