Tovuti na hesabu za wanachama zikae seva moja?

Mhazina: Wakuu, saccos yetu inataka wanachama waone salio kwa simu. Mjenzi wa mfumo anasema tovuti na hesabu za akiba vikae seva moja, yaani kompyuta moja ya kuhudumia mtandaoni, ni nafuu. Nimekataa. Tovuti ni baraza, kila mgeni anakaa. Hesabu ni za chumbani. Kamati inasema nachelewesha maendeleo.

Fundi Waya: Umekataa sawa. Tovuti nje, hesabu ndani, katikati faiwoli, ukuta wa kuchuja mawasiliano, yenye njia moja tu. Kumbukeni Equifax, kampuni ya taarifa za mikopo ya Marekani, 2018. Wezi walipitia tovuti ya malalamiko ya wateja, wakaanzia hifadhidata tatu, wakafika 48, maana ndani hapakuwa na ukuta na nywila zilikaa wazi kwenye faili. Watu zaidi ya milioni 140! Shida saccos nyingi zinamwachia kazi hii kijana wa kubadilisha wino wa printa.

Neema T: Kijana wa wino ndiye mimi. Nabadilisha wino kwa sababu niko peke yangu, na bekapu (nakala za data) za saa sita usiku ni zangu pia. Nimeandika barua mbili kuomba seva ya pili. Bodi ikanunua viti. Na hiyo Equifax ilikuwa 2017, si 2018. Kiraka cha kuziba tundu la Apache Struts, programu iliyoendesha tovuti yao, kilitoka Machi, wakaingiliwa Mei.

Fundi Waya: Dada, sikukutaja. Nilisema "nyingi".

Neema T: Na mimi nimo kwenye hizo nyingi.

Kibubu: Mnabishania wino. eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilipoangushwa Julai 2023, watu walikwama hadi tiketi za treni. Kutenganisha seva kungesaidia nini?

Fundi Waya: Mzee wangu, lile lilikuwa shambulio la kuifurisha tovuti kwa maombi mengi hadi ielemewe. Serikali ilisema data haikuchukuliwa. Watu kuziba mlango si sawa na mtu kuingia chumbani.

Kibubu: Usinizeeshe. Nina miaka 36 na nimeandika mifumo. Hiyo seva yako ya nje itaongea na hifadhidata kwa akaunti gani? Ikiwa na ruhusa zote, mwizi ataandika amri zake kwenye kisanduku cha kutafuta, na faiwoli itampisha kwa heshima zote. Ipeni akaunti hiyo ruhusa ya kusoma salio tu.

Mjumbe wa Bodi: Kuhusu viti: mkutano mkuu ndio ulilalamika. Akina mama walikaa kwenye mabenchi kwa muda wa saa tano. Msitufanye wabaya.

Neema T: Akina mama haohao ndio wenye akiba, mheshimiwa. Barua zangu zilisomwa kikaoni?

Mjumbe wa Bodi: Mimi si wa bodi yenu; nilisema ya viti vya kwetu.

Mhazina: Kibubu, hiyo ya kusoma tu naipeleka kikao cha Alhamisi. Neema, naomba nakala ya barua yako, niige maneno.

Neema T: Nakutumia leo. Ya pili ndiyo kali.