B.Pharm miaka minne au Pharm.D miaka sita? Naombeni msaada wa kuchagua

Mpenda_Kemia:
Wakuu habari zenu. Nimemaliza sekondari, kemia na baiolojia ziko vizuri, hesabu si haba, nataka kusoma famasia. Sasa nimepata nafasi sehemu mbili na nimekwama kabisa. Ya kwanza ni B.Pharm, yaani shahada ya kwanza ya famasia, ya miaka minne, shule kongwe, maabara kubwa, wanasifika kwa utengenezaji wa dawa. Ya pili ni Pharm.D, yaani udaktari wa famasia, ya miaka sita, ipo ndani ya hospitali ya rufaa. Nyumbani wanataka hiyo ya pili kwa sababu ina neno daktari ndani yake, basi. Mi mwenyewe hata sijui wanachosoma kinatofautiana wapi. Mawazo tafadhali, na kejeli zinaruhusiwa.

Mzee wa Vidonge:
Karibu kijana. Ukiingia shule yoyote ya famasia utakuta idara karibu zilezile hata kama wanaziita majina mengine, kuna kemia ya dawa, kuna famakolojia yaani dawa inaufanya nini mwili, kuna famakognosia ya dawa zitokanazo na mimea na viumbe, kuna famasetiki ambayo ndo utengenezaji wenyewe, halafu famasia ya kliniki, yaani kufuatilia dawa kwa mgonjwa mwenyewe. Tofauti ni nani anakula ratiba. Kwenye B.Pharm kama hiyo uliyoitaja famasetiki ndo mwenye nyumba, wengine wapangaji.

Na usidanganywe kwamba kidonge ni unga uliokandamizwa tu. Ukikandamiza sana hakivunjiki kwenye pakiti ila na tumboni nako hakiyeyuki, ukikandamiza kidogo kinamfikia mgonjwa kikiwa vumbi, kwahiyo unacheza katikati, unaweka kitu cha kukishikisha, unaweka wanga wa kukipasua kikikutana na maji, unaweka magnesiamu stearati kidogo kisigande kwenye mashine, na hiyo nayo ukizidisha au ukiichanganya muda mrefu inafukuza maji, unarudi kulekule kidonge hakiyeyuki. Semista inaishia hapo. Mi nipo kiwandani na sibadilishani na mtu.

Dada wa Wodi:
Mzee wa Vidonge shikamoo, ila na sisi tusikike jamani. Hicho kidonge chako kizuri kikishamezwa nani anakifuatilia?

Mpenda_Kemia mdogo wangu, chukua mama mwenye kifua kikuu kaanzishiwa dawa zenye rifampicin na huku anatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Rifampicin inaamsha vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazovunjavunja dawa, ini linaanza kuzimaliza zile homoni haraka kuliko kawaida, mama anameza kila siku bila kukosa na mimba anashika vilevile. Daktari anayekimbizana na wodi nzima anaweza kupitiwa, mfamasia aliyepo kwenye raundi ndo anatakiwa aseme ngoja kwanza. Kuijua hiyo kwenye karatasi ni rahisi sana, kazi ni kuiona kwenye faili la mtu mwenye dawa tisa. Hicho ndo Pharm.D inakufundisha. Marekani wanataka mwanafunzi apate angalau saa 300 za vitendo miaka ya mwanzo halafu 1,440 mwishoni, na hicho ni kiwango cha chini.

Njiti:
Wote mnaongea mahaba, hakuna aliyemuuliza dogo anataka kufanya kazi wapi.

Majina ya hizi shahada yanachanganya. Marekani Pharm.D ndo mlango pekee wa kuingilia kazi kwa anayesoma kule, angalau miaka miwili ya chuo ya maandalizi halafu kwa kawaida minne ya shule yenyewe. Uingereza wana MPharm ya miaka minne na ndo shahada ya kuanzia, unaongezea mwaka wa mafunzo kazini na mtihani wa usajili. Ukienda India M.Pharm ni shahada ya uzamili, unaisoma baada ya B.Pharm, kitu tofauti kabisa. Pharm.D yao ilianza 2008, miaka mitano darasani na hospitali kisha mmoja wa intanshipu.

Sasa sikiliza hii. Aliyesoma nje akitaka leseni Marekani lazima kwanza apite kwenye mtihani wa ulinganifu, na kama umemaliza baada ya mwanzo wa 2003 wanataka mtaala wa miaka mitano au zaidi. B.Pharm ya miaka minne hata mtihani hawakuruhusu kukaa. Watu wanaligundua hili wameshapata vyeti.

Mpenda_Kemia:
Aisee, hiyo ya miaka mitano sikuwa naijua. Ila kusema ukweli sina mpango wa kuhama, nilichovutiwa ni maabara. Na hiyo famakognosia ni miti shamba au?

Bibi Shubiri:
Miti shamba ndo inapoanzia mjukuu wangu, haiishii hapo. Tu Youyou wa China alipata Nobel 2015 kwa artemisinin, dawa ya malaria kutoka mmea wa Artemisia annua. Kuchemsha kulikuwa kunaiharibu, akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia, kwenye joto la chini ndo ikakubali. Swali la mtaani ni mmea gani unatibu, la famakognosia ni kitu gani ndani yake, kiasi gani, na unakitoaje bila kukiua. Digoxin ya moyo mpaka leo inatoka kwenye mmea. Ila shule nyingi zimeipunguzia saa, inaniuma.

Sapu_Tatu:
Kote kote utakutana na hesabu za dozi. Kalkulasi ni ya mpito, hizi zinakufuata mpaka kazini. Andika 0.5 kamwe usiandike .5 maana nukta isipoonekana mgonjwa kapewa mara kumi, na 5 usiiandike 5.0 kwa sababu hiyohiyo. Kwetu ukikosea nukta swali zima ni sifuri, hakuna cha njia sahihi.

Dada wa Wodi:
Kama moyo uko maabara basi mdogo wangu nenda B.Pharm, sikulazimishi. Hilo neno daktari halikufanyi utibu watu, waeleze nyumbani mapema. Na Pharm.D kuwa ndani ya hospitali bado hakutoshi, uliza mfamasia mmoja wa wodi anasimamia wanafunzi wangapi. Wakiwa ishirini nyuma ya kitanda kimoja hamna anayejifunza kitu.

Mzee wa Vidonge:
Na hiyo B.Pharm uiombe ikuonyeshe mashine ya vidonge ikiwa inazunguka, sio kwenye picha. Maabara kubwa inaweza kuwa stoo ya mashine mbovu.

Njiti:
Kabla hujalipa ada angalia kama baraza linalosajili wafamasia nchini kwako limeitambua kozi yenyewe, sio chuo tu. Hivyo ni vitu viwili. Kozi mpya hasa za Pharm.D huwa zinaanza kupokea wanafunzi huku utambuzi haujakamilika, kwahiyo pata jibu lao kwa maandishi.

Mpenda_Kemia:
Poa wakuu. Naanzia na baraza, halafu mashine.