MJADALA: Riwaya za mapenzi, majini na maajabu ziingie darasani, au zibaki kwenye simu?

Msomaji Mkesha:
Wakuu, habari za jioni. Kuna mwalimu kalalamika kwenye kundi letu la wazazi kwamba wanafunzi hawagusi kitabu cha orodha ya mtaala mpaka mtihani ubishe hodi, ila hadithi za majini za WhatsApp wanazijua sehemu kwa sehemu. Anataka simu zikamatwe zote. Mimi nasema kama kitu kinasomwa, kiletwe darasani kichambuliwe.

Nazisoma aina zote tatu, kwa hiyo niseme ninavyoziona. Za kutisha ndizo tunazoziweza. Mwandishi wa kwetu hana haja ya kunieleza kwa nini mtu akisikia anaitwa jina usiku haitiki. Nimekua najua. Zinapoharibika ni mwishoni: hofu ya kurasa mia, kisha anatokea shehe au mchungaji ambaye hatujawahi kumsikia, anakemea, jini linatoka, harusi. Za mapenzi zinaanza vizuri, katikati inakuja ajali ya gari, mwisho kitanda cha hospitali na siri ya nani ni baba wa nani.

Za maajabu ndizo zinaniuma, maana tulikuwa nazo na tumeziacha. Kusadikika ya Shaaban Robert ni nchi iliyo hewani. Adili na Nduguze yake, 1952: ndugu wawili wamegeuzwa manyani, kila usiku wanachapwa viboko, na anayewachapa ni ndugu yao mwenyewe, anachapa huku moyo unamuuma. Watoto wa nchi hii wamesomeshwa hayo miaka na miaka. Leo kijana akibuni nchi yake anaambiwa anaiga sinema za Wazungu. Zifundishwe au zisifundishwe?

Ngalawa:
Mkuu, majini sawa, ni mila zetu. Maajabu sawa. Mapenzi hapana. Hizo ni za kinamama wa saluni wanaosubiri nywele zikauke. Mwanafunzi atatoka na nini pale?

Mama Zuu:
Ngalawa, kinamama wa saluni ndio sisi. Nina saluni Mbagala, na nakwambia kinachotokea humo. Sehemu mpya ikitumwa, binti mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Anayesukwa akimaliza haondoki, anahamia benchi. Mwandishi akisema sehemu zilizobaki ni buku mbili tunachanga, mia mbili mia tatu, inatumwa. Na wanaume wanaokuja kuchukua wake zao wanasimama mlangoni wanajifanya wanaangalia simu. Shemeji wa kwenye hadithi akigonga mlango usiku wa manane, wao ndio wa kwanza kuuliza, "akamfungulia?" Sasa niambie nani hasomi mapenzi.

Ngalawa:
Dada yangu, sijamtukana mtu. Nimesema kama burudani sawa. Darasani ni mahali pa kujifunza.

Mama Zuu:
Ulisema kinamama wa saluni. Ungetaka kusema burudani ungesema burudani.

Mwalimu wa Mbozi:
Jamani, turudi kwenye swali. Mapenzi yako shuleni tayari. Kidato cha tano na sita nimefundisha riwaya za Vuta N'kuvute na Mfadhili. Mfadhili nikiingia nacho darasani hakuna anayesinzia. Na Vuta N'kuvute, binti anaozwa kwa mtu mzima kabisa, anatoroka, anampenda kijana wa rangi nyingine na jamaa zake wote wanamtenga. Ondoa mapenzi humo uone kama utabaki na kitabu.

Kisiwani:
Mwalimu unawapotosha watoto. Vuta N'kuvute ni kitabu cha siasa. Denge, huyo kijana anayependwa, anasakwa na makachero wa mkoloni mwanzo mpaka mwisho. Nyinyi mmeona filamu ndo mnasema mapenzi.

Mwalimu wa Mbozi:
Filamu ni ya 2021. Kitabu ni cha 1999 na nimekifundisha kabla hajatokea mtu na kamera. Tafadhali, nimesahihisha insha za kitabu hicho mpaka najua wanafunzi wanakosea wapi. Yasmini, yule binti, haingii kwenye siasa kwa kusoma makaratasi ya chama. Anaingia kwa sababu anampenda mtu anayesakwa. Mwandishi kaipitishia siasa humo kwa makusudi.

Kisiwani:
Sawa, tuliache. Ila hilo la majini nalo limenikera. Mkesha anasema ndizo "tunazoziweza". Nani anaziweza? Huko Bara mnamwandika jini kama mnyama wa porini. Jini ana kabila, ana dini, ana chake anachokitaka: udi, marashi, kitambaa cha rangi fulani. Anakasirika kwa sababu. Nyinyi mnaweka pembe na meno, anakunywa damu, ukurasa wa tatu familia nzima imekwisha. Huyo mmemtoa kwenye sinema.

Chaka la Tanga:
Bara ipi? Tanga nayo ni Bara kwako? Aliyeandika hiyo Adili na Nduguze alizaliwa Vibambani, Tanga, 1909. Huria, jini wa kike mle ndani, analipa wema kwa wema, na anayemkosea Adili anaadhibiwa kwa kiasi alichokosa. Huo ndio ujini wenye utaratibu unaoudai, na umetoka kwetu.

Kisiwani:
Huria nimemsoma bwana. Na asili ya hadithi ile iko kwenye Alfu Lela U Lela. Kule ndugu waligeuzwa mbwa.

Chaka la Tanga:
Na Shaaban Robert akawafanya manyani, akawapa majina Hasidi na Mwivu, akaijenga upya kwa Kiswahili ambacho mpaka leo hatujakifikia. Hadithi kusafiri si aibu. Usitupokonye kila kitu kwa sababu kimepita baharini.

Mtoto wa Kisauni:
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu hofu ya mzimu imetumiwa sana hata na wasiotaka kuandika mizimu. Kuna kile kitabu cha Bwana Msa, nadhani cha miaka ya sabini, jina lake lina mzimu, unaanza unatetemeka, kumbe ni mauaji na mpelelezi na kiko chake.

Mwalimu wa Mbozi:
Mzimu wa Watu wa Kale, ndugu yangu. 1960.

Mtoto wa Kisauni:
Ahsante mwalimu. Hoja yangu ni kwamba yule mwandishi alijua msomaji wa pwani akiona neno mzimu ameshakaa kitako. Halafu Babu Alipofufuka, 2001, mzimu wa babu unarudi kumsumbua mjukuu mkubwa serikalini kwa vile alivyoiharibu nchi. Hicho ni cha kutisha, cha siasa na cha maajabu kwa pamoja. Kwa nini tunatenga kana kwamba ni masanduku?

Neema Tele:
Mimi nasema wazi. Sitaki mwanangu afundishwe majini shuleni. Na Mkesha, umemtaja mchungaji mwishoni mwa hadithi kana kwamba ni kasoro. Kwangu huo ndio ukweli wa hadithi nzima. Nimeona kwa macho yangu mtu akiombewa akafunguka. Usiifanye imani ya watu kuwa udhaifu wa uandishi.

Msomaji Mkesha:
Dada Neema, sijaigusa imani yako, na maombi siyapingi. Nalalamikia mwandishi. Kama mchungaji ndiye atakayeshinda, mlete mapema. Tumwone anafunga na kuomba, usiku wa kwanza anashindwa, mkewe anamsihi aache. Akishinda baada ya hapo nitashangilia na wewe. Akitokea ukurasa wa mwisho akiwa na biblia kwapani, mwandishi kamtumia kama ufunguo wa kufungia mlango, na hata wewe unayeamini umepunjwa.

Neema Tele:
Hapo tunaelewana kidogo. Bado sitaki majini shuleni.

Mwalimu wa Mbozi:
Dada Neema, riwaya ya Rosa Mistika ilipotoka 1971 watu walisema hivyohivyo, ikazuiwa shuleni kwa muda. Baadaye ikafundishwa. Binti wa kitabu hicho aliharibiwa na ukali wa baba yake, na kwa sababu kitabu kilizuiwa, wasichana waliohitaji kukisoma wakakisoma kwa kujificha, bila mtu wa kuzungumza nao. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko jini.

Kisiwani:
Mwalimu hapo umesema. Na niongeze. Mwaka 1995 nilikuwa mdogo Pemba, wakati wa Popobawa, yule pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku. Watu wazima walilala nje uani kwa makundi, moto umewashwa, wanaume wenye heshima zao wamejifunika shuka hadi kidevuni, hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kuingia ndani alfajiri. Hatukuona pembe wala meno. Tuliogopa kwa sababu jirani alisimulia, na jirani wa jirani naye akasimulia, na kila aliyesimulia alishusha sauti palepale. Mwandishi akitaka kunitisha aanzie kwenye midomo ya watu.

Chaka la Tanga:
Ungeanza na hili tusingegombana.

Kisiwani:
Tunagombana bado. Vibambani ni Vibambani.

Duka la Kona:
Nauza vitabu. Mnajadili kufundisha, lakini hivyo vitabu viko wapi? Nikiweka riwaya dukani, mteja anaipiga picha jalada, anaenda kuitafuta PDF. Na hao kinamama wanaochanga buku mbili, wakishapata si wanasambaza kila kundi?

Mama Zuu:
Tunasambaza kwa nani? Nimeshasema tunalipa. Mbona kila lawama inaishia saluni?

Kalamu ya Kata:
Naomba niingie, maana mimi ndiye mnayemzungumza. Naandika hadithi za kutisha na mapenzi, hizohizo za simu. Sehemu za mwanzo natoa bure, zilizobaki nauza. Ninapomtumia mnunuzi wa kwanza, jua halijazama iko kwenye makundi mengine, jina langu limefutwa, limewekwa la mtu, na huyo mtu anauza kwa buku. Wanaonifaa ni kinamama kama Mama Zuu. Wananitumia hela na ujumbe: dada, huyu bwana wa sehemu ya tisa mrudishe. Nilipeleka muswada kwa mchapishaji mmoja, ukakaa mpaka nikasahau kuuliza. Jibu likaja kwamba majini hayauziki, niandike cha kiada. Kwa hiyo mkiniuliza zifundishwe, nitasema ndiyo, lakini mniambie kwanza mwandishi analipwa vipi.

Ngalawa:
Sasa hapo tumetoka kwenye fasihi tumeingia biashara.

Kalamu ya Kata:
Kaka, fasihi yako ya orodha inanunuliwa kwa hela ya serikali na wazazi. Yangu inanunuliwa na mtu aliyeipenda. Wapi hapo si biashara?

Mwalimu wa Mbozi:
Kalamu, nina klabu ya wasomaji shuleni, baada ya vipindi, haimo kwenye mtaala. Ukiniruhusu tusome moja ya kwako, nitachangisha walimu wenzangu tukulipe nakala za wanafunzi wote. Nichagulie ambayo naweza kuisoma mbele ya wazazi.

Kalamu ya Kata:
Nitakuletea hadithi yangu ya kisima, mwalimu. Nyingine, ya mapenzi, ina sura mbili ambazo wazazi watakufukuza kazi. Nitumie ujumbe pembeni tuelewane bei.

Neema Tele:
Ya kisima ina jini?

Kalamu ya Kata:
Ina, dada. Na ina mama wa kanisani tangu sura ya pili, siyo mwishoni.

Duka la Kona:
Ikichapwa nitaiweka dirishani, hata nakala chache.

Kisiwani:
Kabla sijalipa, dada Kalamu. Huyo jini wako wa kisimani katokea wapi, na anataka nini?

Chaka la Tanga:
Kalamu, usimjibu huyu. Atume buku mbili asome mwenyewe.