Shahada ya kwanza ya matatizo ya mawasiliano Marekani: je, kipato chake kinalipa deni?

Mzazi wa Columbus

Shikamooni wakubwa, na salamu kwenu nyote. Binti yetu anamaliza sekondari hapa Ohio, na amekwisha kuamua kusomea sayansi ya matatizo ya mawasiliano, yaani fani ya kuwahudumia wenye kigugumizi, watoto waliochelewa kusema, na wagonjwa waliopoteza usemi au uwezo wa kumeza baada ya kiharusi. Amekubaliwa vyuo viwili, kimoja cha jimbo na kingine cha binafsi, na hicho cha binafsi kitatulazimu mimi na mama yake kuchukua mkopo wa wazazi juu ya ule atakaochukua yeye.

Nimeingia College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani, nikaona kwamba mshahara wa wahitimu miaka michache baada ya kumaliza unaridhisha na deni halitishi. Hata hivyo, binti wa jirani yangu ana shahada hiyohiyo, naye ni msaidizi wa mwalimu darasani na analipa mkopo wake kwa kusaidiwa na nyumbani. Nimwamini nani, tovuti au jirani? Na kwa shahada hii, deni la kiasi gani linabebeka?

Mtaalamu wa usemi, Texas

Shikamoo baba. Waamini wote wawili, kwa sababu hawamzungumzii mtu mmoja. Shahada ya kwanza peke yake haimpi mtu leseni kamili ya kutibu usemi na lugha. Baada yake kuna uzamili wa kama miaka miwili wenye saa 400 za mafunzo ya vitendo, kuna mtihani wa taaluma uitwao Praxis, kisha kuna kipindi cha kazi chini ya uangalizi kisichopungua wiki 36 na saa 1,260, ambacho kwa bahati nzuri kinalipwa. Anayetaka kuwa mtaalamu wa usikivu huenda mbali zaidi, hadi shahada ya udaktari. Takwimu za serikali za mwaka 2024 zinaonyesha kwamba mshahara wa kati wa mtaalamu wa usemi na lugha ulikuwa dola 95,410 kwa mwaka, lakini huo ni mshahara wa aliyefika mwisho wa safari.

Sasa tazama tovuti inavyohesabu. Inawachukua wahitimu waliopata misaada ya serikali kuu, walio kazini na wasio masomoni wakati wa hesabu. Mwaka wa kwanza, walioendelea na uzamili hawamo, kwa hiyo unaowaona ni akina binti wa jirani yako. Miaka minne au mitano baadaye, wale wa uzamili wamekwisha kuingia kazini nao wanahesabiwa, na mshahara unapanda. Deni lililoandikwa kando yake, hata hivyo, ni la shahada ya kwanza tu: mkopo wa uzamili haumo, na mkopo wa wazazi huonyeshwa mahali pake. Umesoma kipato chenye miaka sita ya masomo ndani yake ukakilinganisha na deni la miaka minne.

Kwa mwenye shahada ya kwanza pekee, kazi iliyo karibu zaidi na fani ni ya msaidizi wa mtaalamu, na hapo majimbo hayafanani hata kidogo. Texas inatoa leseni ya msaidizi kwa shahada hii. Kwingine nafasi hiyo ni finyu. Tuseme analipwa dola 22 kwa saa kwa wiki ya saa 40. Mwaka mzima ni dola 45,760, ila akiajiriwa shuleni kwa wiki 38 tu, ni dola 33,440 kabla ya kodi.

Mshauri wa misaada ya chuo

Niongeze hesabu. Mwanafunzi anayetegemea wazazi hukopeshwa na serikali kuu dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, kisha 7,500 na 7,500, jumla 27,000. Uzamili ni hadi dola 20,500 kwa mwaka, yaani 41,000 kwa miwili. Kwa viwango vya riba vya mwaka 2025–26, ambavyo ni asilimia 6.39 kwa shahada ya kwanza na 7.94 kwa uzamili, kulipa vyote kwa miaka kumi ni karibu dola 800 kila mwezi, bila kuhesabu riba inayolimbikizwa akiwa bado masomoni. Mtaalamu mwenye leseni anaweza kuubeba mzigo huo, na akiajiriwa na shule za umma anaweza kuomba msamaha wa deni baada ya malipo 120. Mwenye kipato cha dola 33,440 ataumia hata na zile dola 305 kwa mwezi za mkopo wa shahada ya kwanza peke yake.

Tena, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo la ada za uzamili, haupo kwa wakopaji wapya. Ndiyo maana nakusihi usimalize nguvu za familia katika miaka minne ya kwanza. Mkopo wa wazazi una riba ya asilimia 8.94 kwa mwaka huo wa 2025–26, na kisheria ni deni lako wewe, si la binti. Kwa fani hii sioni sababu ya kukilipia chuo cha binafsi.

Baba wa watano

Mimi ningemwelekeza kwenye uuguzi. Miaka minne, mtihani wa leseni, kazi. Mshahara wa kati wa muuguzi mwaka 2024 ulikuwa dola 93,600, bila uzamili.

Mtaalamu wa usemi, Texas

Kaka, kwa hesabu tupu huna kosa, na anayehitaji kipato mapema afuate njia hiyo. Lakini naomba tusimkatishe tamaa aliyeipenda kazi hii. Nimeona mtoto aliyewasili miezi michache kabla kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akionyeshwa picha ya koleo la theluji na kutakiwa alitaje kwa Kiingereza. Akanyamaza, akaandikiwa kosa. Sheria ya IDEA, ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake inapowezekana, na wapimaji wanaojua Kiswahili ni wa kutafuta kwa tochi.

Mzazi wa Columbus

Asanteni sana. Cha binafsi tumekiacha. Je, akianzia chuo cha jamii miaka miwili, ataharibu nafasi yake ya uzamili?

Mshauri wa misaada ya chuo

Hataharibu, mradi alama ziwe za juu, maana uzamili una ushindani mkali. Biolojia, takwimu, na kemia au fizikia, ambazo atazihitaji kwa cheti cha taaluma, anaweza kuzisoma huko, na Ohio ina utaratibu wa Ohio Transfer 36 unaolinda krediti za masomo ya msingi anapohamia chuo kikuu cha umma. Ajaze mapema FAFSA, fomu ya kuombea misaada ya serikali kuu. Ruzuku ya Pell, hadi dola 7,395 kwa mwaka wa 2025–26, hairudishwi, na kwa ada za chuo cha jamii huenda asihitaji kukopa kabisa miaka hiyo miwili. Kabla ya kuhama, akiulize chuo kikuu ni wahitimu wangapi wa idara hiyo walioomba uzamili mwaka uliopita, na wangapi walipata.