Hivi huyu kocha wetu wa kikapu anatukomoa au ndo uwezo umeishia hapo?

Wakuu, leo kazini mwili upo, akili imebaki uwanjani Upanga. Kocha mnamjua, simtaji, nikimtaja presha inapanda. Jana tunaongoza kwa pointi tisa, zimebaki dakika mbili kasoro, pointigadi wetu, yule mvushaji mpira, ana moto, kila akirusha inaingia, wapinzani washaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, mmoja alishaanza kulegeza kamba za viatu. Mzee akasimama. Akageukia benchi. Akaita sabu.

Nikajua anampumzisha senta, maana yule toka robo ya tatu anapumua kwa mdomo. Wapi! Kamtoa pointigadi!!! DAKIKA MBILI KASORO!!! Kamwingiza dogo ambaye toka mechi ianze kazi yake ilikuwa kugawa maji, dogo mwenyewe hakuamini, akajinyooshea kidole kifuani "mimi?", akavua traksuti haraka haraka ikamnasa kwenye kiatu akawa anaruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye meza ya waamuzi, jukwaa zima linakufa kwa kicheko, mimi silii sicheki.

Jamaa nao si wajinga, wakaweka presi, wanatubana uwanja mzima. Dogo kapewa mpira, kadunda kulia, kadunda kushoto, akamwangalia kocha kama abiria aliyepitilizwa kituo, sekunde nane hizo zikakata hajavuka hata mstari wa kati. Filimbi. Mpira wao, wakapiga ya pointi tatu. Tukaanzisha tena, kanyang'anywa, wakapiga nyingine. Na taimauti, ile ya kusimamisha mchezo mpangane, mchezaji haruhusiwi kuiomba, inaombwa na benchi, na benchi lenyewe limekunja mikono linahesabu mabati ya paa.

Tumefungwa kwa pointi moja. Kuulizwa eti "alikuwa na faulo tatu, nilikuwa namtunza". Faulo TATU, mtu anatolewa kwa tano! Unamtunza kwa ajili ya nini, sendoff ya dada yake? Narudia kwa waliochelewa: dakika mbili kasoro, pointigadi, ana moto, anatolewa. Nimemaliza, sitaki ushauri.

mzee_wa_ribaundi: Nilikuwepo. Ile "mimi?" ya dogo ntazikwa nayo 😂😂😂

kona_ya_tatu: Pole mkuu, ila msimu uliopita si wewe ulitujazia humu kwamba huyo huyo pointigadi aondoke, mchoyo wa pasi? Tuna kumbukumbu.

Mleta uzi: Usinichafulie uzi.

mwamuzi mstaafu: Naweka sawa kidogo. Nusu ya pili ya mechi timu ina taimauti tatu, lakini dakika mbili za mwisho za robo ya nne haruhusiwi kutumia zaidi ya mbili. Kama hakuwa ametumia hata moja kabla, moja ilishakufa yenyewe.

Mleta uzi: Kwa hiyo kazikalia mbili. Hapo unamtetea au unamzika?

mwamuzi mstaafu: Mi naweka sawa tu.

rock city: Nyie mna raha, njooni Mwanza muone wa kwetu. Anapanga kikosi kwa kuangalia nani kawahi kufika uwanjani. Senta anakaa Buhongwa, akipata daladala robo ya kwanza imeisha, tunaanza na wafupi watano kama timu ya kwaya, ule mpira wa kuruka wa mwanzo hatujawahi hata kuunusa.

saa tisa usiku: Mnalilia vitu vidogo. Mi naamka usiku wa manane kuangalia NBA, ligi ya Marekani, dakika 48 hizo, kocha ana wachezaji wa kujaza basi anatumia saba, wengine wanalipwa mamilioni ya dola kupiga makofi na kushika taulo. Ikifika pleiofu, yaani mtoano, magoti ya watu yameisha anaanza kushangaa.

kona_ya_tatu: Si uhamie timu nyingine ulale.

mwananchi_2: Nchi iliyomtoa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa namba 2 NBA ilipogawana wachezaji wapya 2009, leo tunajadili dogo kashindwa kuvuka mstari wa kati. Inauma.

mzee_wa_ribaundi: Hasheem senta, kuvusha mpira kunamhusu nini?

mwananchi_2: Naongelea uchungu wa nchi wewe.

shabiki wa soka: Nauliza tu, mi mtu wa mpira wa miguu. Kwenye kikapu si unaweza kumtoa mtu halafu ukamrudisha? Sisi huku akitoka katoka.

Mleta uzi: ASANTE SANA!!! Ile filimbi ya sekunde nane ilipolia alikuwa na nafasi ya kumrudisha hapo hapo! Mtu yuko benchi taulo kichwani, jasho halijakauka! Wa kwetu akitoka ndo kaenda na maji. Nilikuwa nimeanza kutulia umenirudisha upya.

shabiki wa soka: Basi huyo afadhali wa kwetu, anatoa straika tukiwa nyuma anaingiza beki.

kona_ya_tatu: Ya soka yana jukwaa lake.

dada wa robo ya nne: Afu yule wa mihogo pale getini kapandisha bei mmeona?

mzee_wa_ribaundi: Na vipande vimekuwa vidogo.

Mleta uzi: Jamani uzi unamhusu kocha.

rock city: Kachumbari bado anaweka?

dada wa robo ya nne: Anaweka ila sio ile ya zamani, sasa hivi kabichi tupu.